Mtazamaji wa Benchi la Pili

Filamu yetu ilikuwa ya dakika kumi na moja na haikuwa na sauti yoyote ndani yake. Ninaanza na hilo kwa sababu kosa langu liliingilia hapo. Palihitajika mtu wa kusema nyuma ya shuka ya kuonyeshea picha wakati zinapita, na mtu huyo nilikuwa mimi.

Nilikuwa mwaka wa tano wa sekondari hapa Kalemie, miaka ile ya Zaire ambapo kila asubuhi tulipanga mistari uwanjani, tukaimba na kucheza mbele ya bendera kabla ya kuingia darasani, na prefe wetu, mkuu wa shule, alifunga vifungo vya abakosi yake, koti la kiserikali la enzi hizo, hadi shingoni hata joto likizidi. Mwalimu wetu wa Kifaransa alikuwa mzungu kijana aliyekuja kwa mkataba wa miaka miwili. Alileta kamera ndogo ya kushika mkononi, mashine ya kuonyeshea picha, na sanduku la filamu tupu alilolitunza kuliko nguo zake. Siku moja aliuliza nani anataka kutengeneza sinema. Darasa zima likanyoosha mikono. Akachagua wanne, nami nikiwemo.

Tulitaka filamu ya kutisha. Mwanafunzi anatembea peke yake kando ya reli, mchana kweupe. Nyuma yake kuna mtu. Kila mwanafunzi akigeuka haoni kitu, lakini sisi tunaotazama tunamwona yule mtu, na kila mara amesogea. Mwisho mwanafunzi anafika kwao, anagonga mlango, na anayemfungulia ni yule yule aliyekuwa nyuma yake. Tuliisimulia hadithi hiyo mbele ya mwalimu kwa fahari, tukipokezana maneno. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza:

«Filamu hii ni ya nani?»

«Ya watu wote, Mwalimu.»

Aliandika ubaoni «watu wote», akayafuta kwa kiganja. Alisema watu wote hawaketi kwenye benchi. Anayeketi ni mtu mmoja, na pembeni yake mwingine. Tumwambie huyo mmoja ni nani, ana umri gani, anafanya kazi gani, anaogopa nini, na baada ya filamu, akirudi kwake, ni kitu gani atakitazama mara mbili. Mwalimu hatagusa kamera mpaka tumjibu.

Kazi hiyo nilipewa mimi kwa sababu nilijulikana kwa mdomo. Tena ilikwishaamuliwa kwamba nitasema maneno nyuma ya shuka. Filamu zilipaswa kupelekwa Ulaya kuoshwa, na zikirudi hakuna picha ambayo ingeweza kubadilishwa. Sauti tu ndiyo iliyobaki mikononi mwetu. Tungeweza kuikata na kuishona kufuatana na walioketi. Mwalimu aliona huo ni upungufu. Mimi niliona ni uwezo.

Nilinunua daftari la kurasa mia moja, nikaanza kuuliza watu wanaogopa nini.

Bandarini wapagazi waliniona kama mchezo uliotumwa kuwapumzisha.

«Mi ninaogopa mama-mukwe wangu,» alisema mmoja, gunia bado liko begani. «Muweke yeye katika sinema yenu, mutajaza uwanja wa mupira.»

«Muongo huyu! Andika: anaogopa kazi!» alipiga kelele mwenzake.

Wasichana wa shule ya masista walishauriana kwa kunong'ona, kisha mmoja akatoa hukumu: «Sisi tunaogopa barua munazotuandikia nyie wavulana. Hasa Kifaransa chake.» Walicheka mpaka sista akatokea dirishani. Mzee mmoja aliyetoka Manono, ambaye alichimba madini miaka mingi, hakucheka. Aliniambia shimo linalotoa kelele halina neno. La kuogopwa ni shimo linalonyamaza ghafla. Niliandika yote. Lakini kila mtu alikuwa na hofu yake, na mwalimu alitaka benchi moja.

Nililipata katika kampu ya reli, mtaa wa wafanyakazi wa treni. Nyumba zile za matofali zilijengwa zamani kwa safu, kila moja ikitazama mgongo wa nyingine, na ndani yake mlikuwa na watu wa kila kabila la upande huu: Waholoholo, Watabwa, Waluba, Wabembe. Mama mmoja alikuwa akichambua ndakala, dagaa wa ziwa letu, juu ya ungo. Nilipomuuliza anaogopa nini, alijibu bila kuinua macho:

«Kuitwa.»

Nilikwenda nyumba ya pili, nikapata jibu hilo hilo. Nyumba ya tano pia. Makabila mbalimbali, dini mbalimbali, lakini walikuwa wameishi ukuta kwa ukuta muda mrefu hata wakawa na sheria moja. Ukisikia unaitwa na humuoni anayeita, unanyamaza. Mtu aliye hai ataita tena, ataita mara ya tatu, atachoka, atakutukana. Aliyekufa huita mara moja tu. Ukimwitikia, umekwishamfungulia njia, na anayemfungulia maiti njia hujikuta anaipita yeye mwenyewe.

Niliandika kwa furaha ya mwindaji aliyeona nyayo. Watazamaji: mama za kampu ya reli. Wanaogopa: kuitwa. Halafu, na hapa hapana wa kunisukuma, ni akili yangu mwenyewe, nilifungua ukurasa mpya na kuandika kila nyumba imepotelewa na nani.

Nyumba ya mwisho niliijua vizuri. Ilikuwa ya fundi wa injini za treni, na mtoto wake wa kwanza alikuwa rafiki yangu. Alinizidi mwaka mmoja. Miaka miwili nyuma, wakati wa likizo, alipanda boti la mizigo kwenda kumuona babu yake upande wa Moba, na boti lile halikufika popote. Hawakuonekana watu, hazikuonekana mbao. Kwa kuwa mwili haukupatikana, hakuna aliyelia kwa sauti katika nyumba ile. Mama yake aliendelea kupika kipimo kile kile cha bukari, ugali wetu, na kila asubuhi aliwapa kuku kilichobaki.

Nilimuuliza swali langu kama nilivyowauliza wengine.

«Wenzangu wanaogopa kuitwa,» alisema. «Mi ninaogopa aite wakati niko sokoni.»

Niliandika maneno hayo na kuyapigia mstari.

Tulipiga picha siku tatu mfululizo, baada ya masomo, kwenye reli inayokwenda Nyunzu. Filamu zilikwenda Ulaya, zikakaa huko hadi tukaacha kuzitaja, kisha zikarudi katika bahasha ya manjano. Mwalimu alizipitisha kwenye mashine, tukajiona, tukapigana ngumi za mabega kwa furaha. Nilifanya mazoezi ya sauti: ya mwanafunzi, ya mpita njia, ya mtu wa nyuma. Wakati wa mlango, mwanafunzi alipaswa kusema tu: «Mama, fungua.»

Maonyesho yalikuwa Jumapili alasiri katika chumba cha kulia cha shule. Tuliziba madirisha kwa mablanketi ya wanafunzi wa bweni, na mwanga ukawa unaingia kwa nyuzi nyembamba tu. Nje kulikuwa na jua kali. Ndani palikuwa kama chini ya maji. Nilikuwa nimewaalika mama za kampu ya reli mimi mwenyewe, nyumba kwa nyumba, nikawawekea mabenchi ya mbele. Walikuja na vitenge vya kutokea, na karanga, na watoto mgongoni.

Na walicheka. Hilo ndilo jambo ambalo daftari langu halikuniambia. Yule mtu wa kutisha alipotokea kwenye shuka na koti lake refu la mvua, mama mmoja alisimama: «Ee! Huyu si mutoto wa fundi wa taa? Rudisha koti ya baba yako, ataenda kazini na nini?» Chumba kizima kikalipuka. Mwanafunzi alipogeuka na kukosa kuona mtu, walimfokea: «Nyuma yako, mujinga! Nyuma!» Mimi nilikuwa nyuma ya shuka, jasho linanitoka, nikitoa sauti nzito ya mtu wa nyuma, nao wakaiga sauti hiyo na kucheka zaidi. Kwa kweli walikuwa wanafurahi. Leo ningesema ilikuwa filamu nzuri. Siku ile niliona ninavuliwa nguo.

Shuka ilikuwa na tundu dogo mahali ilipoungua na pasi. Nilichungulia. Mwanga wa picha ulikuwa unawapiga nyusoni, unakuja na kuondoka. Kwenye benchi la pili, upande wa ukuta, alikaa mama wa rafiki yangu. Hakuwa anacheka wala kuogopa. Alikuwa anatazama reli.

Mwanafunzi akafika mlangoni. Akainua mkono kugonga.

Niseme sasa jambo ambalo wenzangu wa darasa walilijua. Mimi na rafiki yangu yule tulizoea kuigana sauti. Yeye aliniiga mimi nikimjibu prefe, mimi nilimuiga yeye akifika kwao jioni. Kabla ya kuingia uani alikohoa kikohozi kidogo, kama mzee anayebisha hodi, kisha akaita kwa sauti ya kuvuta, akiulizia chakula. Nilikuwa naipata sauti ile kiasi kwamba yeye mwenyewe alinikataza kuitoa karibu na nyumba yao.

Nilikohoa. Kisha nikaita:

«Mama wee! Bado kuna kitu?»

Kicheko hakikupungua polepole. Kilikatika. Palibaki mlio wa mashine tu, tik-tik-tik, na juu ya shuka mlango ukaanza kufunguka. Kupitia tundu nikaona mama wa benchi la pili amesimama. Hakupiga kelele. Alijibu kwa sauti ya kawaida kabisa, ile ya mtu ambaye yuko jikoni:

«Nipo, mutoto wangu. Nipo. Ingia.»

Wanawake wawili walimrukia, mmoja akamfunika mdomo kwa kiganja, lakini neno lilikuwa limekwishatoka. Mwingine alikuwa anambeba mtoto wake haraka kuelekea mlangoni. Watu waliondoka bila kusukumana na bila kusemezana. Blanketi moja lilianguka, na jua la saa kumi likaingia likatukuta na mabenchi matupu.

Mwalimu alikuwa anang'aa. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni. Aliona tu kwamba mtu mmoja alisimama na wote wakanyamaza. Alinishika bega. «Umeona?» aliniambia. «Umempata mtazamaji wako.»

Sikumsahihisha.

Siku zilizofuata nilijifunza nilichokuwa nimefanya. Baba wa rafiki yangu alikuwa amepata barua ya kuhamishwa Kabalo. Treni yao ilikuwa Alhamisi ya wiki ya pili. Nyumba ingepewa fundi mwingine. Ndiyo maana wakubwa wa ukoo walikuwa wamekuja kutoka Moba: walitaka kumaliza msiba kabla ya safari, ili familia isiache mtu wake katikati. Kwa mtu aliyepotelea majini bila mwili wana njia yao. Hukata mgomba uliolingana na urefu wake, huuvika sanda, huulilia, huuzika. Mama alikuwa amekubali, baada ya miaka miwili ya kukataa. Alikubali Jumamosi. Mgomba ulikatwa asubuhi ya Jumapili, ukafungwa shuka nyeupe, ukalazwa kwenye kivuli nyuma ya jiko kungoja Jumatatu. Alasiri alikuja kwenye filamu yangu kwa sababu nilikwenda kumuomba, na jirani zake walimwambia atoke kidogo, apumzishe kichwa.

Jumatatu alikataa.

«Munataka kuzika mugomba,» aliwaambia wakwe zake, «na mutoto wangu ananiita?» Hangekwenda Kabalo. Baba na mabinti wawili wadogo wangeweza kwenda. Yeye atabaki mlangoni pale, na wakimtoa kwenye nyumba ya reli atakaa chini ya ukuta wake, ili akija amkute.

Kampu nzima ilimwepuka. Si kwa ubaya. Walimwogopea na walijiogopea. Kwenye bomba la maji alipoweka ndoo, wengine waliondoa zao. Hakuna aliyetaka kuwa wa pili baada ya mtu aliyeitikia. Binti zake walirudi shuleni peke yao. Na mgomba ulibaki nyuma ya jiko, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na haki ya kuuzika wala ya kuutupa. Nilipita pale siku ya tatu. Shuka ilikuwa imegeuka kahawia upande wa chini, maji meusi yalikuwa yanatoka polepole na kufuata mteremko hadi karibu na mlango, na inzi walikuwa wametulia juu yake kwa utaratibu ule wanaokuwa nao juu ya kitu halisi.

Ningeweza kusema siku ile. Nilikuwa hatua kumi kutoka kwake. Nilijiambia kwamba prefe atanifukuza, kwamba mtihani wa serikali uko mwaka ujao, kwamba pengine atachoka mwenyewe. Nilikaa na maneno hayo hadi siku ya tisa baada ya filamu. Wenzangu watatu wa filamu walijua na walinyamaza pamoja nami, lakini kosa lao sitaliandika hapa, langu linatosha.

Aliyenijia ni baba yake. Alinikuta kando ya njia ya shule, akasimamisha baiskeli yake. Hakuwa na hasira.

«Mi nimefanya kazi na injini miaka kumi na tisa,» alisema. «Ikikohoa ninajua ni ipi, hata kama siioni. Ile siku nilikuwa mulangoni, nimekuja kumuchukua bibi yangu, mama ya mutoto. Sauti ilikuwa ya mutoto wangu. Lakini pumzi ilikuwa yako.»

«Papa, unisamehe.»

«Sijakuja kwa hiyo. Alhamisi ninapanda treni na watoto wawili. Weye njo ulifungua ile njia, ni weye. Kwenda ukafunge.»

Nilikwenda siku hiyo hiyo, saa nane mchana. Nyumba ilikuwa imefungashwa: masanduku ukutani, vitanda vimefunguliwa, kila hatua ikitoa mwangwi. Sahani moja tu ilikuwa mezani, imefunikwa. Mama alinipa kiti, akakaa kwenye sanduku mbele yangu, mlango ukiwa wazi.

Nilimwambia yote. Daftari, mstari niliopiga chini ya maneno yake, tundu la shuka, kicheko kilichoniudhi. Nilimwambia ile sauti ilikuwa yangu. Alinisikiliza kama mtu anavyomsikiliza mtoto anayedai ameona simba sokoni.

«Unataka kunisaidia,» alisema. «Papa njo amekutuma.»

«Papa amenituma, Mama. Lakini ni ukweli.»

«Mi nilimuzaa. Nitashindwa kujua sauti yake?»

Nilikuwa na ushahidi mmoja tu. Nilikohoa, nikaita kama nilivyoita nyuma ya shuka, mbele ya macho yake, mdomo wangu ukionekana. Nilidhani akiona mdomo ataelewa.

Alifumba macho. Alipoyafumbua, alinitazama kwa muda mrefu, si usoni, bali hapa, kwenye koo. Kisha akauliza taratibu, kwa upole ambao bado unanisumbua:

«Tangu lini anakaa ndani yako?»

Nilitaka kusimama. Niliona kwamba kila nikithibitisha kuwa ni mimi, ninazidi kumleta yeye. Hakukuwa na njia ya kurudi kupitia ukweli, nilikuwa nimeichafua. Akasogeza sanduku karibu.

«Umekula?» aliuliza. Hakuwa ananiuliza mimi.

Nilijibu kwa sauti ya rafiki yangu. «Nimekula, Mama.»

«Uko na baridi?»

«Hapana.»

«Uko na nani huko?»

«Tuko wengi.»

Jibu hilo sikulitafuta. Lilitoka tu. Nje, katika kampu ile yenye watoto na kuku na redio, sikusikia kitu. Mama alitikisa kichwa kama aliyetegemea kusikia hivyo. Nikajua kwamba nikingoja kidogo zaidi sitaweza kuacha, wala yeye hataweza, na Alhamisi itapita. Nikasema:

«Mama, kwenda na Papa. Kwenda na wadogo zangu. Mi sirudi.»

«Sema tena.»

«Sirudi, Mama.»

Mikono yake ilikunja pembe ya kitenge, ikaikunjua, ikaikunja. Baadaye akaniambia kwa sauti nyingine kabisa, ile ya jirani kwa kijana wa jirani:

«Bon. Sasa weye, mutoto wa watu, toka nje. Unipe nafasi nilie.»

Nilifika kwenye bomba la maji ndipo nikasikia. Kampu nzima ilisikia. Wanawake waliacha ndoo zao, wakatazamana, kisha mmoja akavua viatu na kwenda kule, na wa pili akamfuata.

Mgomba ulizikwa kesho yake. Baba aliniomba nishike upande wa miguu. Ulikuwa umelainika na ulikuwa mzito kuliko mgomba, au mikono yangu ilikuwa dhaifu. Ulizama katikati tulipouinua, kama mtu aliyelala anavyozama. Mama aliutupia udongo kwa mikono miwili. Alimtaja mwanawe kwa jina kamili, na jina la babu yake, na kumwambia alale.

Alhamisi nilikwenda stesheni. Mabinti walikuwa wanapigania dirisha. Mama aliniita kwa kidole, nikasogea hadi chini ya behewa.

«Usimuite tena,» alisema. «Nimekwisha kumulaza.»

«Sitamwita, Mama.»

«Na weye ule. Umekonda.»

Treni ikaondoka kuelekea Nyunzu. Baba alinipungia kofia. Nilirudi nyumbani nikijihisi mtu mzima, mtu aliyevunja kitu na kukitengeneza. Mwaka mzima nilijihisi hivyo.

Halafu mfanyabiashara mmoja wa ndakala alirudi kutoka Kigoma na habari ya kijiweni. Alisema huko ng'ambo ya ziwa, miaka ya nyuma, wavuvi waliokota watu wawili au watatu kutoka boti lililovunjika, vijana wa upande wetu. Mmoja alikuwa na kikohozi. Walipona, wakatafuta kazi, wakaingia bara, na hakuna aliyejua walipokwenda. Nilimuuliza majina. Hakuyajua. Nilimuuliza boti gani. Alisema maboti huvunjika kila mwaka, kwani mimi ni polisi?

Yalikuwa maneno ya mtu mmoja, tena mtu aliyependa kusimulia. Lakini nilipaswa kuyapeleka Kabalo. Treni ilikuwa inakwenda. Mafundi walibeba barua bila malipo. Niliandika barua hiyo mara nne. Katika kila moja nilifika mahali ambapo ningepaswa kusema: Mama, nilikuambia harudi, nami sikujua. Sikuvuka mahali hapo. Nilijiambia nisiuamshe moyo uliolala. Labda nilikuwa sahihi. Lakini sikunyamaza kwa ajili yake. Nilinyamaza kwa sababu niliogopa aniandikie na kuuliza.

Baada ya miaka michache nilisikia kwa mfanyakazi wa reli kwamba mama yule amefariki huko, kwa homa, akiwa na binti zake pembeni. Alikuwa ameacha kupika kipimo kile. Watu waliniambia hilo kama habari njema.

Mimi nilipata kazi ya ukarani karibu na bandari, nikaifanya mpaka nilipozeeka. Nilioa, nilizaa, nilizika. Mwalimu alirudi kwao na filamu yake, na sijawahi kusimulia jambo hili kwa mtu aliyeniuliza kwa nini, boti la Kigoma likiingia, ninaacha ninachofanya na kwenda kusimama karibu na ngazi. Hapo mwanzo nilitafuta kijana. Kisha nikatafuta mtu mwenye ndevu, mwenye watoto. Wanateremka na magunia yao na magodoro yao, nami ninawatazama usoni mmoja mmoja mpaka wa mwisho.

Siku hizi ninatafuta mzee.